Embakasi 'ulijengwa' na nani? Historia ya uwanja wa ndege katika maneno yetu

WIKI mbili zilizopita mwanafunzi wa mwaka wa pili alinijia ofisini na rasimu ya insha yake. Alikuwa akiandika juu ya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, na sentensi yake ya kwanza ilisema hivi: "Uwanja huu ulijengwa katika miaka ya 1950 na ukafunguliwa na Gavana Evelyn Baring mwaka 1958." Nikaisoma mara mbili. Kisarufi haina doa. Upatanisho uko sawa, nyakati ziko sawa, na mwaka wenyewe ni sahihi. Hata hivyo nilichukua kalamu nikalipigia mstari neno "ulijengwa", nikaandika pembeni: Na nani?

Kijana akanitazama kama mtu aliyetegewa mtego. "Lakini Profesa, si ni serikali ya mkoloni?"

Nikamwambia avute kiti aketi. Swali hilo nimeishi nalo tangu nilipokuwa mtoto wa kaptura kule Majengo, Nyeri. Leo ningependa tulitafakari pamoja, msomaji wangu, kwa sababu ndani yake mna sarufi na mna historia pia, na sidhani moja itaeleweka vizuri bila nyingine.

Wanaofundisha Kiswahili wanajua kwamba kauli ya kutendwa, ile inayotambulishwa na kiambishi -w-, humpa msemaji uhuru wa kumtaja mtenda au kumwacha. Twaweza kusema "chakula kimepikwa na mama", na twaweza kusema "chakula kimepikwa" tukanyamaza. Sentensi zote mbili ni kamili. Sasa rudi kwenye sentensi ya mwanafunzi wangu. Ina vitenzi viwili vya kutendwa. Cha pili, "ukafunguliwa", kimepewa mtenda, tena kwa jina na kwa cheo chake. Cha kwanza, "ulijengwa", hakikupewa mtu yeyote. Aliyekuja kwa sherehe ya siku moja anajulikana. Waliokuwepo siku zote za jua na vumbi hawamo. Wala sikumlaumu kijana. Sentensi hiyo, au ndugu yake, iko kila mahali, na yeye aliirithi kama sote tulivyoirithi.

Guka wa Majengo

Miji ya mlimani ina Majengo yake. Nyeri ipo, Nanyuki ipo, Meru ipo na Embu ipo. Ukishuka Nairobi utaikuta Pumwani, na ukifika Mombasa utaikuta pia. Hii ni mitaa iliyokaliwa kwanza na Waislamu wa miji ya bara: askari waliomaliza utumishi, wapagazi, wachuuzi, mafundi, watu waliotoka pande mbalimbali wakaunganishwa na Kiswahili. Jina lenyewe halina siri, ni wingi wa "jengo". Sisi wa Majengo ya Nyeri tuliamshwa na adhana, tukanunua mahamri kabla ya shule, na Kiswahili chetu kikachanganyika na Kikuyu bila mtu kuomba ruhusa.

Jirani yetu mmoja alikuwa mzee fundi wa viatu. Tulimwita Guka, ingawa hakuwa babu yetu wa damu. Hakuwa msimulizi. Lakini ndege ikipita juu ya mji angeinua macho kutoka kwenye kiatu alichokuwa akikishona na kusema, "Hiyo inaenda kwangu, Embakasi." Sisi watoto tungecheka hadi tukae chini. Mtu asiye na hata baiskeli, eti ana uwanja wa ndege! Siku moja nilimwambia, kwa ile jeuri ya mtoto aliyeanza kujua kusoma, kwamba mwalimu wetu amesema uwanja ule ulijengwa na Wazungu. Guka hakukasirika. Alisema tu, "Mjukuu wangu, Mzungu alikuwa amesimama. Sisi ndio tulikuwa tumeinama."

Ilinichukua miaka mingi kuyaelewa maneno hayo. Ili nawe uyaelewe, turudi nyuma kidogo, tuanze na neno "ndege" lenyewe.

Ndege wa ngeli mbili

Katika Kiswahili, ndege ni wawili. Yuko ndege mwenye mabawa na manyoya, wa ngeli ya A-WA: ndege ametua, ndege wametua. Iko na ndege ya chuma, ya ngeli ya I-ZI: ndege imetua, ndege zimetua. Umbo ni moja, na kinachotuambia tunazungumzia nini ni upatanisho wa kisarufi. Watu wa pwani wa zamani walikuwa na maana nyingine tena, kwamba ndege ni dalili ya jambo lijalo. Msafiri akitoka nyumbani akakutana na kitu cha heri alisema amepata ndege njema, na akikutana na cha shari alisema ni ndege mbaya, pengine akarudi nyumbani akalala.

Sasa tazama lugha za bara. Katika Kikuyu, ndege wa mtini ni "nyoni". Lakini chombo kinachoruka angani ni "ndege". Wakamba nao wana "nyunyi" wa mtini na "ndeke" ya angani. Wajaluo wana "winyo" na "ndege". Unaona kilichotendeka? Lugha hizi tayari zilikuwa na neno la ndege mwenye manyoya, kwa hivyo hazikuhitaji la Waswahili. Chombo kilipofika kikiwa kigeni kwa kila mtu, zilikopa jina la Kiswahili na kulipa maana moja tu, ile ya chuma. Hata uwanja wa ndege, Mkikuyu huuita "kĩhaaro kĩa ndege". Kĩhaaro ni uwanja, ule wa wazi ambapo watu hukutana. Ni tafsiri ya moja kwa moja ya msamiati wa Waswahili.

Kwa hivyo Kiswahili kilikuwa daraja la kuiingiza ndege bara. Nacho chenyewe kilikuwa kimeazima mengi baharini. "Rubani", ambaye leo tunamfikiria amevaa miwani myeusi na kofia ya utepe wa dhahabu, ni neno lenye asili ya Kiarabu lililomhusu kiongozi wa chombo cha majini, anayejua miamba ilipo na mkondo unakopita. "Abiria" limetokana na neno la Kiarabu la mtu anayevuka kwenda ng'ambo. "Forodha" ilikuwa bandarini kabla ya kupanda ngazi ya ndege. Waswahili walipoiona ndege waliiona kama jahazi lililopaa, na sidhani walikosea.

Viwanja vya kwanza

Usafiri wa ndege nchini ulianza kama shughuli ya walowezi. Mnamo 1929 mwanamke mmoja, Florence Kerr Wilson, alianzisha kampuni ya Wilson Airways jijini Nairobi. Ilisafirisha watu na barua hadi Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza mwaka 1939. Kampuni ilikufa, jina likabaki. Uwanja wa Nairobi Magharibi ulipewa jina la Wilson mwaka 1962, na hadi leo ndipo zinaporukia ndege ndogo za watalii, za madaktari, na kwa miaka mingi zile zilizobeba miraa ya Meru kwenda Somalia. Mwaka 1931 kampuni ya Uingereza ya Imperial Airways ilianza safari za kutoka London hadi Mwanza. Ndege zake za majini zilitua Kisumu, ziwani. Kwa hivyo mtu wa wakati huo akiulizwa lango la angani la nchi hii liko wapi, angekuonyesha ziwa.

Vita vilileta uwanja wa kijeshi wa Eastleigh, Isili kama tunavyosema, mwaka 1940. Baada ya vita ndege za abiria zilitumia uwanja huo huo pamoja na zile za jeshi la anga la Uingereza. Shirika la East African Airways liliundwa mwishoni mwa 1945 ili kuhudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar.

Hapo ndipo historia ya angani inapoingia Nyeri kwa mlango wa mbele. Tarehe 1 Februari 1952 Binti Mfalme Elizabeth na mumewe walitua Isili. Siku chache baadaye walikuwa kwetu, kwenye nyumba ya Sagana waliyozawadiwa na koloni kwa ajili ya arusi yao. Usiku wa kuamkia tarehe 6 walikuwa Treetops, ile nyumba ya juu ya mti katika msitu wa Aberdare, na usiku huo huo Mfalme George VI akafariki Uingereza. Habari zilimfikia binti yake akiwa amerejea Sagana. Msafara uliondoka kuelekea Nanyuki. Ndege ya Dakota ya East African Airways ikampeleka Entebbe, ambako ndege kubwa ya masafa ya mbali ilikuwa ikingoja kumrudisha London. Alipanda mti akiwa binti, akaondoka Nanyuki akiwa Malkia. Hadithi hii kila mwongoza watalii wa Nyeri anaijua kwa moyo.

Hadithi inayofuata haisimuliwi sana kwa watalii. Miezi minane baadaye, tarehe 20 Oktoba 1952, hali ya hatari ilitangazwa. Kutoka Isili ziliruka ndege za kivita za Lincoln kuja kudondosha mabomu katika misitu ya Aberdare na Mlima Kenya. Kutoka kiwanja cha Mweiga, si mbali na Nyeri mjini, ziliruka ndege ndogo za Harvard kwa kazi hiyo hiyo. Kina mama wa vijiji vya kando ya msitu, ambao walikuwa hawajawahi kuigusa ndege, walijifunza kuitambua kwa mlio. Wale wazee wa pwani na "ndege mbaya" yao wangeelewa haraka. Ndiyo maana naamini kwamba mtu wa Nyeri wa kizazi kile akitamka neno "ndege", hasemi kitu kile kile asemacho mjukuu wake anayetafuta tiketi kwenye simu.

Sururu, karai na kokoto

Wakati huo huo Nairobi ilikuwa ikihitaji uwanja mpya. Ule wa Isili ulikuwa wa kugawana na jeshi, na enzi ya ndege kubwa za jeti ilikuwa ikikaribia. Ndege inahitaji nafasi ndefu ya kukimbia kabla ya kupaa, na Nairobi ina shida yake ya pekee. Jiji liko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huko juu ni nyepesi. Hewa nyepesi hubeba mabawa kwa shida na hupunguza nguvu ya injini, hasa jua linapowaka. Kwa hivyo ndege ile ile inayopaa Mombasa baada ya mwendo mfupi hulazimika kukimbia zaidi Nairobi. Leo njia ya kurukia ndege ya Embakasi ina urefu wa mita 4,117, yaani zaidi ya kilomita nne za lami.

Mahali palipochaguliwa ni mbuga tambarare ya Embakasi. Tambarare ni kweli, lakini udongo wake ni ule mweusi unaonata mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Juu ya udongo huo huwezi kulaza lami hivi hivi. Ni lazima uchimbe, uondoe, ujaze mawe, ushindilie. Ni kazi inayohitaji mikono mingi, na mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilikuwa na mikono mingi mno iliyofungwa. Tarehe 24 Aprili mwaka huo ilianza Operesheni Anvil, ambapo maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikamatwa Nairobi. Magereza yalifurika. Pale Embakasi likawekwa gereza, na wafungwa wa Mau Mau wakapelekwa kuchimba na kuvunja mawe ya uwanja mpya.

Msamiati wa kazi hiyo niliusikia kwa Guka kabla sijausoma popote: sururu, karai, mtalimbo, nyundo, kokoto. Alikuwa akiyataja kama mtu anayetaja majina ya watu aliowahi kuishi nao. Alisema jua la Embakasi halina mti. Alisema mvua ikinyesha udongo ulikuwa unavua watu viatu, wale waliokuwa na viatu. Pengine ndiyo sababu alikuja kuwa fundi wa viatu, ingawa hilo sikuwahi kumwuliza.

Hapa lugha inadai uangalifu. Tunapozungumza juu ya enzi hiyo tunachanganya "wafungwa" na "watu wa kizuizini". Mfungwa ni yule aliyefikishwa mahakamani, hata kama mahakama yenyewe ilikuwa ya haraka, akahukumiwa. Mtu wa kizuizini alishikwa bila hukumu, kwa amri tu. Huko Mwea mifereji ya mpunga ilichimbwa na watu wa kizuizini. Embakasi ilikuwa hasa kazi ya waliohukumiwa. Tofauti hiyo ni ya kisheria. Kwa mgongo ulioinama, sijui kama ilikuwa na uzito.

Mwanafunzi wangu, kijana mwerevu, alinikatiza hapo. "Profesa, ina maana walikuwa wafungwa peke yao?" La hasha. Walikuwepo wahandisi waliopima, madereva wa matingatinga, makarani na vibarua wa mshahara. Ukiandika "ulijengwa na wafungwa" ukakomea hapo, utakuwa umemtoa mtenda mmoja gizani ukawasukuma wengine humo. Kiswahili hakikatazi orodha baada ya "na". Tatizo letu ni kwamba orodha hiyo haijawahi kuandikwa, na kati ya wote waliopaswa kuwemo, wafungwa ndio wanaokosekana mara nyingi zaidi.

Kufunguliwa, kupewa jina, kuteketea

Gavana Baring aliufungua uwanja mwaka 1958. Haikupita miaka miwili watu wa aina nyingine wakaanza kupita pale. Septemba 1959 vijana 81 waliondoka Nairobi kwa ndege kwenda vyuo vya Marekani katika mpango ulioongozwa na Tom Mboya. Mwaka uliofuata msichana wa Ihithe, Nyeri, aliyekuwa na umri wa miaka 20, alikuwa miongoni mwa waliosafiri. Huyo ni Wangari Maathai, ambaye mwaka 2004 alipata Tuzo ya Nobel ya Amani. Nikiwafundisha wanafunzi historia hii hupenda waziweke picha hizi mbili pamoja. Kati ya watu wa Nyeri walioingia Embakasi wakiwa na pingu na msichana wa Nyeri aliyeingia akiwa na sanduku la nguo za shule, ni miaka michache tu imepita, na ardhi ni ile ile.

Siku hizo kumsindikiza msafiri kulikuwa sherehe. Ukoo mzima ulipanda lori, na pale uwanjani palikuwa na roshani ya kusimama na kupunga mikono mpaka ndege ipotee. Wengi wa kizazi changu waliiona ndege kwa karibu mara ya kwanza wakiwa roshani ile, si wakiwa ndani ya ndege.

Shirika la East African Airways lilisambaratika mapema mwaka 1977, Jumuiya yenyewe ikiwa mahututi, na Januari mwaka huo Kenya ikaunda Kenya Airways. Jengo jipya la abiria, ambalo mkopo wake Benki ya Dunia ilikuwa imeukubali mwaka 1972, lilijengwa upande wa pili wa njia ya kurukia. Rais Jomo Kenyatta alilifungua tarehe 14 Machi 1978. Alifariki Agosti 22 mwaka huo huo, na uwanja ukapewa jina lake.

Katika jina hilo mna jambo ambalo halitajwi sana. Kenyatta mwenyewe alikuwa mfungwa wa miaka ile. Alikamatwa usiku ule ule hali ya hatari ilipotangazwa, akahukumiwa Kapenguria mwaka 1953, akawa huru mwaka 1961. Kwa hivyo uwanja uliochimbwa na wafungwa una jina la mfungwa, ila ni mmoja tu kati ya maelfu. Sina ugomvi na jina. Ninachosema ni kwamba jina la mtu mmoja linaweza kutukumbusha wengi, na linaweza pia kuwafunika. Litafanya lipi kati ya hayo, inategemea sisi tunaolitamka tunajua nini.

Mwaka 2013 ulileta mambo mawili kwa mfululizo. Tarehe 6 Juni serikali ya Uingereza ilisema bungeni London kwamba inasikitikia mateso yaliyofanyika Kenya wakati wa hali ya hatari, na ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228. Tarehe 7 Agosti moto mkubwa ukateketeza jengo la kuwasili abiria la Embakasi. Magazeti mengi yaliandika kwamba jengo "liliteketea". Angalia kitenzi hicho. "Teketea" hakimhitaji mtenda kabisa, moto unawaka kana kwamba umejiwasha. Ukitaka mtenda itabidi useme "teketeza". Baada ya moto abiria walipokelewa kwenye mahema, kisha majengo mapya yakafunguliwa, moja mwaka 2014 na jingine mwaka 2015. Ujenzi wa jengo kubwa zaidi ulizinduliwa Desemba 2013, na mwaka 2016 mradi huo ukafutwa.

Kuuzwa au kukodishwa?

Halafu ukaja mwaka 2024. Kampuni ya Adani ya India ilipendekeza kuuendesha uwanja kwa miaka 30, nayo ijenge jengo jipya la abiria na njia ya pili ya kurukia. Msomaji, huo ulikuwa mwaka wa vitenzi! Wapinzani wa mpango walisema uwanja "unauzwa". Wakuu wa serikali wakajibu kwamba hauuzwi, ni "ubia". Wengine wakasema "unakodishwa". Kwenye matatu ya Nyeri nilimsikia mama mmoja akisema, "Kukodisha miaka 30? Mimi nitakuwa nimeshazikwa. Kwangu huko ni kuuza." Tarehe 11 Septemba wafanyakazi wa uwanja waligoma na abiria wakakwama. Tarehe 21 Novemba Rais William Ruto alitangaza bungeni kwamba mpango umefutwa.

Nani alikuwa na haki katika mjadala ule si kazi ya safu hii. Kazi yangu ni kuonyesha kwamba watu hawakuwa wakibishania maneno kwa sababu ya kupenda maneno. Kuuza, kukodisha, kupangisha na kushirikiana ni vitenzi vinne vyenye wenye mali wanne tofauti. Anayeuza hubaki bila kitu. Anayekodisha hubaki mwenye mali. Na kabla hujauliza kama kitu chaweza kuuzwa, unauliza ni cha nani, na ukiuliza ni cha nani, utafika tu kwenye swali la nani aliyekijenga. Nilimkumbuka Guka. "Hiyo inaenda kwangu." Nilikuwa nimedhani ni mzaha wa mzee. Kumbe ilikuwa hoja.

Jengo la abiria

Wenzetu wa Tanzania wana istilahi nzuri. Pale Dar es Salaam, uwanja wa Julius Nyerere ulipopanuliwa mwaka 2019, walizungumzia "Jengo la Tatu la Abiria". Sisi huku hutaja neno la Kiingereza na namba yake, basi. Wao pia husema "kiwanja cha ndege" pale tunaposema "uwanja". Yote mawili ni sahihi na wingi wake ni viwanja, kwa hivyo walimu wasiwakate wanafunzi alama kwa hilo. Ila "jengo la abiria" naomba tuliazime. Linanigusa kwa sababu ya nilikotoka. Mtoto wa Majengo akifika Embakasi amefika kwenye majengo mengine.

Na wanafika wengi. Mboga za mlimani, kama mishiri ya Mwea, hupita pale usiku kwenda Ulaya. Vijana wetu nao hupita wakienda kutafuta kazi Ughaibuni, hasa nchi za Ghuba. Miaka michache iliyopita nilipanda matatu alfajiri kutoka Majengo pamoja na familia ya Guka, aliyekuwa amefariki zamani. Mjukuu wake alikuwa anasafiri kwenda kazini Uarabuni. Siku hizi roshani ya kupungia mikono hakuna. Tuliachwa nje, msichana akaingia na begi lake, mlango ukajifunga. Mamake alibaki ameutazama ule mlango. Kisha akasema, si kwa uchungu, kama mtu anayetoa taarifa: "Babangu aliingia hapa bila tiketi wala pasipoti." Hakuna aliyecheka. Tulirudi kwenye matatu.

Kisa hicho ndicho nilichomsimulia mwanafunzi wangu, kisha nikamrudishia insha. Walimu wenzangu, hili si suala la insha moja. Kila mara mtoto anapoandika "barabara ilijengwa", "reli ilijengwa", "mfereji ulichimbwa", tumfundishe kuuliza kama pale baada ya kitenzi panahitaji "na". Mara nyingi hapahitaji, na si kila sentensi iwe kesi. Lakini mara nyingine nafasi ile imeachwa wazi kwa miaka mingi mpaka tumeizoea, na wale ambao wangeweza kuijaza wanazidi kupungua kila mwaka. Nyeri bado wapo wachache. Ukiwa na nyanya au guka wa umri huo, mwulize alikuwa wapi mwaka 1955, na mkononi alikuwa na nini.

Siku tatu baadaye kijana alirudi na sentensi mpya: "Wafungwa wa Mau Mau, pamoja na vibarua na wahandisi, waliujenga uwanja huu katika miaka ya 1950, Gavana Evelyn Baring akaufungua mwaka 1958." Ni ndefu kidogo kuliko ya kwanza. Sikuipigia mstari.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaangalia neno "garimoshi", na jinsi lilivyobaki na moshi wake baada ya moshi wenyewe kuisha.